Mwalimu wa Mpira Apimwe kwa Kazi Aliyopewa

Tarehe 2 Agosti 2020 mji wetu wa Sumbawanga ulipata heshima ambayo miji mingi mikubwa kuliko huu haijaipata. Fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam ilichezwa katika Uwanja wa Nelson Mandela, na Simba ya Dar es Salaam ikaishinda Namungo ya Ruangwa kwa mabao mawili kwa moja, ikalinyanyua kombe mbele ya macho ya watu wa Ufipa, ambao wengi wao walikuwa wamezoea kuisikia timu hiyo redioni tu. Mwalimu wa Simba siku hiyo alikuwa Mbelgiji, Sven Vandenbroeck. Alikuwa amekwisha kutwaa ubingwa wa ligi, na sasa akaongeza kombe. Hakuna aliyethubutu kumtia dosari.

Zikapita siku 81. Tarehe 22 Oktoba 2020 Simba ile ile, bingwa wa ligi kwa misimu mitatu mfululizo, ikapanda tena mpaka kwenye nyanda zetu kucheza na Tanzania Prisons, timu ya Jeshi la Magereza yenye asili yake Mbeya, ambayo msimu ule iliufanya uwanja wetu kuwa nyumbani kwake. Samson Mbangula akafunga bao moja, nalo likatosha. Siku nne baadaye Ruvu Shooting nayo ikaifunga Simba bao moja kwa bila. Basi yule aliyekuwa bingwa mwezi wa Agosti akawa si kitu mwezi wa Oktoba. Vijiweni, sokoni na ndani ya mabasi watu wakaulizana: Mbelgiji huyu anajua nini?

Ndugu msomaji, swali hilo ndilo lililotufanya tushike kalamu. Hatuandiki kumtetea Vandenbroeck, ambaye alikwisha kwenda zake na hana haja ya utetezi wetu. Twaandika kwa sababu swali lenyewe liliulizwa vibaya, na bado laulizwa vibaya kila wiki, katika klabu kubwa na katika timu ndogo za mitaani. Mtu hawezi kusema kama mwalimu anajua au hajui kabla hajajua kwanza mwalimu huyo alipewa kazi gani, kwa wachezaji gani, na kwa muda gani. Asiyeyajua hayo matatu hapimi kazi, bali anapiga kelele.

Siku hizi neno falsafa limekuwa jepesi midomoni mwa watu. Kila mwalimu mpya ashukapo kwenye ndege huulizwa falsafa yake, naye hujibu kwamba apenda kushambulia, apenda kuumiliki mpira, apenda timu yake ikabe kwa nguvu. Hatujapata kumsikia hata mmoja aliyesema kwamba apenda kujilinda. Washabiki husikia maneno hayo, wakapiga makofi, wakayapa majina. Simba walipokuwa wakipasiana mpira kwa ustadi katika miaka ile, mchezo wao uliitwa biriani. Yanga walipopewa mwalimu Sead Ramović mwishoni mwa mwaka 2024, ukazuka msemo wa gusa, achia, twende kwao. Majina haya ni matamu, nasi hatuyakatazi, kwa maana mpira pasipo utani ni chakula pasipo chumvi. Lakini biriani huhitaji mchele, nyama, viungo na mpishi mwenye nafasi. Mwenye unga na maharage asidharauliwe kwa kupika ugali, madhali ugali wake umeiva na watoto wake wameshiba.

Hivyo ndivyo tunavyopaswa kuutazama mchezo ule wa Oktoba 2020. Upande mmoja walikuwapo wachezaji waliokusanywa kutoka nchi mbalimbali kwa fedha nyingi. Upande wa pili ilikuwapo timu ya jeshi ambayo haiwezi kushindana na Simba sokoni. Je, mwalimu wa Prisons angewaamuru vijana wake wacheze kama Simba, wapasiane pasi ishirini mbele ya lango lao wenyewe, ingekuwa ni hekima? Ingekuwa ni ujinga uliovikwa joho la falsafa. Timu ya namna ile haina budi kujipanga, kukaba kwa umoja, kuvumilia, na kuitumia nafasi moja itakapopatikana. Siku ile nafasi ilipatikana, bao likafungwa, likalindwa mpaka kipenga cha mwisho. Wapo waliotoka uwanjani wakisema kwamba Prisons hawakucheza mpira wa kupendeza. Twawauliza: wa kupendeza kwa nani? Wahenga walisema kila ndege huruka kwa ubawa wake.

Mabishano haya hayakuanza kwetu. Katika miaka ya 1960 mwalimu Helenio Herrera aliifundisha Inter ya Milan mchezo wa kujilinda ambao Waitaliano wenyewe waliuita kwa neno lenye maana ya komeo. Kwa komeo hilo Inter ilitwaa Kombe la Ulaya mwaka 1964 na tena mwaka 1965. Wengi waliuchukia mchezo ule, walakini vikombe vilikuwa kabatini. Kisha, tarehe 25 Mei 1967 mjini Lisbon, Inter ikakutana na Celtic ya Glasgow chini ya mwalimu Jock Stein. Wachezaji wa Celtic wote walikuwa wamezaliwa si zaidi ya kilomita 50 hivi kutoka kiwanja cha klabu yao. Walitanguliwa kwa bao la penalti, hawakufadhaika, wakashambulia mpaka komeo likavunjika, wakashinda kwa mabao mawili kwa moja. Dunia nzima ikamsifu Stein, na ilistahili kumsifu. Lakini mtu mwenye haki atakumbuka kwamba Herrera naye alikuwa amewapa watu wake vikombe viwili kabla ya siku ile. Kila mmoja wa waalimu hao aliwatazama vijana aliokuwa nao, akawapa mchezo uliowafaa. Hilo ndilo somo. Kushambulia si utakatifu, na kujilinda si dhambi.

Sasa tutazame mwenendo wetu wenyewe hapa nyumbani. Mwishoni mwa Agosti 2020 Yanga ilimwajiri Mserbia Zlatko Krmpotić. Timu yake ilicheza michezo mitano ya ligi, ikatoka sare mmoja na Prisons, ikashinda minne iliyofuata. Haikupoteza hata mmoja. Tarehe 3 Oktoba ikaifunga Coastal Union mabao matatu kwa bila, na kabla jua la kesho yake halijachwa mwalimu alikuwa hana kazi. Kabla ya hapo alikuwa ameshinda mara tatu kwa bao moja moja, na washabiki walikuwa wamekwisha kunung'unika kwamba mpira hauwavutii. Tazama basi jambo hili la ajabu: katika mwezi ule ule wa Oktoba, mwalimu mmoja wa Dar es Salaam aliandamwa kwa kushindwa, na mwingine alifukuzwa akiwa anashinda. Mwalimu atakayewaridhisha watu wa namna hii azaliwe wapi?

Wala mambo hayakuishia hapo. Tarehe 5 Novemba 2023 Yanga iliifunga Simba mabao matano kwa moja. Siku mbili baadaye Simba ikaachana na Mbrazili Roberto Oliveira. Aliyeiongoza Yanga katika ushindi ule, Miguel Gamondi wa Argentina, alibebwa juu kama mfalme. Msimu ule alitwaa ubingwa, akaifikisha Yanga katika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa wa Afrika. Mwaka uliofuata, mwezi wa Novemba ule ule, timu yake ikafungwa na Azam, kisha ikafungwa na Tabora United, na tarehe 15 Novemba 2024 naye akaonyeshwa mlango. Mwaka mmoja na siku kumi zilitosha kumgeuza mfalme kuwa mtu wa kufungasha mizigo.

Hatusemi kwamba kila mwalimu aliyefukuzwa alionewa. Klabu ina mambo yake ya ndani ambayo mtu wa nje hayaoni, na mwalimu mvivu, mwenye kiburi au asiyeelewana na wachezaji wake hana haki ya kukaa milele. Lakini twaona pia mfano wa upande wa pili, nao ni mfano wa nyumbani, si wa Ulaya. Aprili 2021 Yanga ilimleta Nasreddine Nabi kutoka Tunisia. Mwanzo wake haukuwa wa sherehe. Julai mwaka ule alipoteza fainali ya kombe mbele ya Simba mjini Kigoma. Septemba akatolewa na Rivers United ya Nigeria mwanzoni kabisa mwa Ligi ya Mabingwa, kwa kufungwa nyumbani na ugenini. Kwa desturi yetu, mtu huyo angekuwa amekwisha kupewa tiketi ya ndege. Safari hii viongozi walistahimili. Malipo yake ni kwamba Yanga ilitwaa ubingwa wa msimu wa 2021 na 2022 bila kupoteza mchezo hata mmoja, ikaendelea mpaka ikatimiza michezo 49 ya ligi bila kushindwa, na ni Ihefu, timu ya jirani zetu wa Mbarali, iliyoukata mfululizo huo Novemba 2022. Msimu ule wa pili Nabi alitwaa tena ubingwa, akaifikisha Yanga katika fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika mwaka 2023, ambako ilinyimwa kombe na USM Alger kwa kanuni ya mabao ya ugenini tu.

Mkulima wa Ufipa hashangazwi na habari hiyo. Wazee wetu walilima kwa matuta ya mviringo yaitwayo intumba. Mvua zikielekea kwisha, mkulima hufyeka majani, akayafunika kwa udongo, akapanda maharage juu yake, kisha akayaacha majani yaoze. Mpita njia asiyejua huona kama makaburi ya majani, akasema mtu huyu anapoteza nguvu zake. Mvua za msimu wa pili zikianza, matuta hubomolewa, udongo wenye rutuba ukatawanywa, na nafaka ikapandwa humo. Asiyengoja msimu wa pili hajui maana ya intumba. Mwalimu anayejenga timu hufanya kazi hiyo hiyo: mwaka wa kwanza hufunika majani, na mavuno ya kweli huja nyuma. Lakini angalieni, hata mwaka ule wa kwanza mkulima hupata maharage. Ndiyo kusema kwamba subira si upofu. Mwalimu anayejenga hana budi kuonyesha japo maharage.

Tunao wasomaji wengi ambao ni wafanyakazi, nao twapenda kusema nao kwa lugha wanayoijua. Ndugu wafanyakazi, mwaweza kuukubali mwajiri wa namna hii? Amwajiri fundi kwa mkataba wa miaka miwili. Hamwambii bayana kama ataka nyumba imara au nyumba ya kupendeza. Matofali humnunulia mtu mwingine, bila kumwuliza fundi. Kisha wiki ya tano, ukuta ukiwa umefika kiunoni, majirani waseme rangi haipendezi, na mwajiri amfukuze fundi ili majirani wanyamaze. Katika kiwanda au shamba mngesema huo ni uonevu, na mngekwenda kwa chama chenu cha wafanyakazi. Kwa nini basi uonevu huo huo ukitendeka uwanjani tuuite mapenzi ya klabu? Mwalimu wa mpira ni mfanyakazi. Mshahara wake mkubwa hauondoi haki yake ya kuambiwa kazi yake ni ipi na itapimwa lini.

Wapo watakaotujibu kwamba mshabiki ndiye mwenye klabu, kwamba hutoa kiingilio, hununua jezi, husafiri usiku kucha, na kwa hiyo ana haki ya kudai. Twakubali, na twaongeza kwamba fedha ya mshabiki wa Sumbawanga ni nzito kuliko ya mwingine, maana kutoka hapa mpaka Dar es Salaam ni safari ya zaidi ya kilomita 1,000. Lakini haki ikitajwa bila mipaka huwa vurugu. Tutaje basi yale ambayo mshabiki ana haki ya kuyadai.

Kwanza, adai juhudi. Mchezaji anayetembea uwanjani wakati wenzake wanakimbia ni lawama ya mwalimu aliyempanga, na hapo hapana falsafa ya kujificha nyuma yake. Pili, adai utaratibu: timu ijulikane inataka kufanya nini, ikishambulia au ikijilinda, na isiwe kundi la watu kumi na mmoja kila mmoja na shauri lake. Tatu, adai haki katika kupanga timu, kijana anayestahili acheze, na jina kubwa lililochoka likae benchi. Nne, adai maelezo. Mwalimu aliyefungwa awaeleze watu kwa heshima kilichotokea, asimsingizie mwamuzi kila mara, wala nyasi, wala baridi. Tano, adai kuona maendeleo: timu ya mwezi wa tano iwe bora kuliko timu ya mwezi wa kwanza.

Lakini mshabiki hana haki ya kudai kwamba timu ishinde kila mchezo, ipendeze kila dakika, ipandishe vijana wapya, na ifanye yote hayo katika wiki sita. Madai hayo hayawezekani hata kwa malaika. Mwenye kuyadai hatafuti mwalimu, bali anatafuta mganga.

Na hapa hatuna budi kuwageukia viongozi wa klabu, maana katika jambo hili wao ndio wenye lawama kubwa. Mshabiki hupiga kelele kwa uchungu, na uchungu hupita. Kiongozi ndiye ashikaye kalamu. Mara nyingi humfukuza mwalimu si kwa sababu ameichunguza kazi yake, bali kwa sababu kelele zikimfikia mwalimu hazitamfikia yeye. Wachezaji amewanunua kiongozi, ratiba ya maandalizi ameivuruga kiongozi, mishahara imechelewa mikononi mwa kiongozi, na siku ya hukumu anayepanda ndege ni mwalimu. Twashauri hivi: kila klabu imwajiripo mwalimu iwatangazie wanachama wake waziwazi kazi aliyopewa. Iseme: tumemleta huyu atwae ubingwa mwaka huu, au tumemleta ajenge timu kwa misimu miwili, au tumemleta atuokoe tusishuke daraja. Baada ya tangazo hilo kila mwanachama atakuwa na kipimo mkononi, na kiongozi naye atapimwa kwa kipimo hicho hicho.

Tumesema mengi ya Dar es Salaam, lakini kilichotuuma zaidi kimo hapa hapa. Mvua zilizopita nilisimama kando ya kiwanja kimoja katika kata ya Izia, nikitazama timu mbili za mtaani. Mwalimu wa timu moja ni mtu wa kazi za mikono. Akitoka kazini jioni hufundisha vijana bila senti moja. Alikuwa ameona kwenye televisheni jinsi timu za Ulaya zinavyoanza mchezo kwa pasi fupi kutoka kwa mlinda mlango, akawaamuru vijana wake wafanye vivyo hivyo. Kiwanja kilikuwa tope. Mpira ukanasa mara ya kwanza, bao. Ukanasa mara ya pili, bao. Watu wazima, wengine wenye mvi, wakamtukana mtu yule mbele ya vijana wake na mbele ya mtoto wake mwenyewe. Wiki iliyofuata hakuja kiwanjani, na vijana wale walikaa muda bila mwalimu.

Je, alikosea? Alikosea. Aliiga ubawa wa ndege mwingine, akasahau tope la Izia. Lakini kosa lile lilihitaji maneno mawili tu ya mtu mzima mwenye hekima, baada ya mchezo, pembeni: Ndugu yetu, kiwanja kikiwa hivi mpira upigwe mbele, pasi fupi tuzingoje kiangazi. Angesikia, kwa maana anayefundisha watoto wa wenzake bure ni mtu wa kusikia. Badala yake tulimpoteza. Klabu kubwa ikimfukuza mwalimu hupata mwingine kabla ya mwezi kwisha. Mtaa ukimfukuza mwalimu wake kwa matusi, vijana hurudi vijiweni.

Ndiyo sababu twasema jambo hili si dogo wala si la mchezo tu. Mazoea tunayoyaona katika klabu kubwa hushuka mpaka mitaani kwetu, na mtoto anayemsikia baba yake akimtukana mwalimu wa mpira leo, kesho hatamheshimu mwalimu wa darasani. Basi Jumamosi ijayo, ndugu msomaji, utakapokwenda kiwanjani, kabla hujafungua kinywa jiulize maswali matatu: mtu huyu alipewa kazi gani, kwa wachezaji gani, na kwa muda gani? Ukipata majibu, sema unalotaka, tena kwa sauti. Na pale Izia, anayemjua yule mwalimu na aende nyumbani kwake amwombe radhi, amwambie vijana wanamngoja.